Heko, Fumbo la Hesabu

Watu wanalionea fumbo la hesabu. Wanasema linaliza watoto, linachelewesha chakula cha usiku na kuwaumbua wazazi tuliosahau KDS na KKS. Mimi limenitesa jioni nyingi hapa Handeni, kwa hiyo nina haki kuliko wengi ya kusimama na kulitetea.

Kwanza, fumbo lina maji. “Bomba A hujaza tangi kwa saa 3, bomba B kwa saa 6. Yakifunguliwa pamoja, tangi litajaa kwa muda gani?” Tafakarini neema hiyo, wana Handeni! Mabomba mawili, na yote yanatoa maji! Kwa saa moja A linajaza theluthi, B sudusi, jumla nusu. Baada ya saa 2 tangi limejaa. Umeme wa pampu haujakatika wala hakuna aliyetoboa bomba njiani amwagilie mchicha wake. Ndani ya fumbo hakuna mama anayeamka saa 10 alfajiri kusikiliza kama bomba linakohoa, wala anayembembeleza kijana wa bodaboda apunguze bei ya dumu. Mradi wa HTM, unaotuletea maji ya mto Pangani kutoka upande wa Korogwe, ni wa tangu miaka ya 1970. Mwaka 2022 ikasainiwa mikataba ya maji ya miji 28, Handeni ikiwamo, kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India. Fumbo limeimaliza kazi hiyo kwa penseli moja. Na pale bomba moja linapojaza huku jingine likimwaga, fumbo linajua hasa ni lita ngapi zimepotea, na kwa saa ngapi.

Sifa nyingine nizitaje mbiombio. Basi la fumbo huondoka Handeni saa 2:00 asubuhi na kumaliza kilomita 65 za kwenda Korogwe saa 3:00 kamili, bila kusimama kupakia kuku. Gunia la fumbo lina kilo 100, na mnunuzi haliongezi kilemba cha lumbesa. Tena fumbo hukutanisha ukoo: baba, mama na shangazi wote wameliinamia daftari, na hakuna anayejua.

Fumbo pia lina katiba yake, MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Hapo ndipo sifa zinaponikwama kooni. Mwanangu anaiimba kuliko wimbo wa taifa. Nikampa 10 − 3 + 2. Kwa kuwa JU imetangulia TO, akajumlisha 3 na 2 akapata 5, akatoa kwenye 10, akaniletea 5 kwa furaha. Jibu ni 9! Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja. Unaanzia kushoto, unakwenda navyo kama vilivyopangwa. Nani alimweleza? Alipewa wimbo, sababu hakupewa. Akifika mtihani wa darasa la saba, sehemu kubwa ya Hisabati ni kusiliba herufi, na mashine haiulizi umefikaje. Halafu kila mwaka, matokeo ya kidato cha nne yakitoka na wengi wameanguka Hisabati, tunashika vichwa.

Hata hivyo fumbo limetuachia amri moja ya thamani: onyesha njia. Mtoto wa darasa la tano akiandika jibu sahihi bila njia, anakatwa alama. Sasa tuwatazame wakubwa. Elimu msingi haina ada tangu 2016, lakini kwenye kikao cha wazazi tulisomewa uji, mlinzi na mitihani ya majaribio, kisha jumla kwa kila mtoto. Mzazi mmoja akauliza jumla hiyo imepatikanaje. Akajibiwa kwamba ajenda ni nyingi na muda umekwisha. Nyumbani nikakuta bili ya maji ya mwezi ambao bomba lilitoa upepo mtupu: nayo ni jumla tu. Wangekuwa darasa la tano, hao wote wangepata sifuri.

Basi wazazi wenzangu wa Handeni na Korogwe, kikao kijacho mtu akisimama kusoma jumla, msipige makofi. Mpeni chaki, aende ubaoni aonyeshe njia.