Mheshimiwa Jongoo wa Pwani

Lamu hakuna kiumbe mnyonge aliyekosa mtetezi. Punda ana hospitali yake na mbio zake za kila mwaka, paka wana wageni wanaosafiri kuja kuwapiga picha, na kasa wana walinzi wanaohesabu mayai yao ufukweni. Jongoo wa pwani peke yake ndiye hana wakili. Amelala kwenye mchanga wa Pate na Kiwayu, maji yakimpanda na kumshuka, na mtoto akimkanyaga hupiga ukelele kama aliyekanyaga najisi. Nakiri sura yake haimsaidii. Hana macho, hana ubongo, anapumua kwa upande wa nyuma, na wapo katika ukoo wake ambao wakitishwa humtupia adui matumbo yao wenyewe, kisha huenda zao kuotesha mengine. Kuna hata samaki wembamba wanaoingia kwa mlango huohuo wa nyuma na kufanya maskani ndani ya baadhi yao. Kwa ukarimu wa namna hii, mwenye nyumba wa mtaa wa Mkomani na daka lake la kupokelea wageni bado yuko mbali sana. Ninachodai ni hiki: katika vyakula vyote vya ajabu ambavyo watu wenye pesa na nafasi huvitafuta duniani, hakuna kinachostahili heshima kuliko jongoo, na heshima hiyo ameipata kwa kukataliwa nyumbani kwake.

Tuanze na safari yake, maana ni ya kifalme. Wavuvi humwokota maji ya bamvua yakitoka, au humzamia chini, kisha hupasuliwa, hutolewa uchafu, huchemshwa, na wa aina iitwayo jongoo mchanga huzikwa ili ngozi yake ya juu ilainike isuguliwe. Huchemshwa tena, huanikwa juani mpaka akauke kama kipande cha mkaa. Kilo 10 za walio hai hubaki chini ya kilo 1. Hapo huuziwa tajiri, tajiri humpeleka Mombasa, na mwisho wa njia ni Hong Kong au miji mingine ya Uchina, ambako mpishi humloweka siku kadhaa na kumchemsha tena na tena ili arudie ule ulaini tuliohangaika kumwondolea. Sijui mtukufu mwingine anayetumikiwa na pwani mbili kwa kazi zinazobatilishana. Wala biashara hii si ya jana. Mwaka 1803 baharia Mwingereza Matthew Flinders aliwakuta kaskazini mwa Australia wavuvi wa Makassar na msafara wa mashua, wakimvua jongoo kwa ajili ya soko hilohilo la Uchina.

Lamu na Uchina wana hesabu nyingine ya zamani, nayo inanogesha mambo. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofukua Shanga, kisiwani Pate, walikuta vipande vya kauri za Kichina. Katika majumba ya mawe ya Lamu kauri zilizo nzuri zaidi zilipangwa kwenye zidaka ukutani zitazamwe, na kwingineko pwani bakuli ziligandamizwa kwenye nguzo za makaburi. Yaani Mchina alileta vyombo vya kulia, sisi tukavifanya pambo la ukuta na la wafu. Nasi tukampelekea mnyama tusiyethubutu kumtia kwenye chombo chochote, yeye akamfanya karamu ya arusi. Siyu na Pate husimuliwa pia kwamba mabaharia wa Kichina walizamiwa na chombo karibu na Shanga, wakaoa na kukaa. Ikiwa ni kweli, basi walisilimu, wakaacha wajukuu, lakini hawakumshawishi mama mkwe hata mmoja aweke jongoo chunguni.

Kuna atakayesema sababu ni dini. Sidhani. Wengi Lamu ni Mashafi, na madhehebu hayo yameufungua mlango wa bahari kwa upana kuliko mengine. Kisichoishi ila majini, kwa kauli yenye nguvu, ni halali maadamu hakina madhara. Kinachomkataza jongoo ni tumbo, na tumbo halitoi fatwa yenye hoja. Tumbo hilohilo humpokea pweza, mwenye mikono minane, mioyo mitatu na damu ya buluu. Tena jioni ikiingia, katika miji ya pwani, wanaume hujipanga mbele ya sufuria ya supu ya pweza, na wanachokitafuta si kitoweo. Kila mtu anajua, hata muuzaji anayejifanya hajui. Mzee wa Guangzhou anayekula jongoo kwa imani kwamba humpa nguvu za ujana, na kijana wa Mombasa mwenye bilauri ya supu mkononi, wanafuata tiba moja kwa wanyama wawili. Anayemcheka mmoja na kumwachia mwingine ana upendeleo.

Lawama ya pili ni nzito zaidi: jongoo hana ladha. Hili ni kweli, nami nalihesabu katika fadhila zake. Watafutaji wa vyakula vya ajabu, wale wanaokwenda Iceland kuonja papa aliyevundishwa na Singapore kuonja doriani, tunda lisiloruhusiwa kwenye treni za mji kwa harufu yake, huwa wanalipia mateso. Wanataka kitu cha kukunjia uso mbele ya kamera, kisha wahadithie. Jongoo hawapi hata hilo. Mdomoni ni mtelezo na mvutano kidogo, na ladha yote ni ya mchuzi aliomiminiwa. Mchuzi wa Kanton ukimfanya Mkanton, bila shaka tui, ndimu na pilipili vingemfanya Mwamu kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo yeye ndiye kipimo cha haki cha mtu anayejiita jasiri wa kula. Kwenye doriani pua ina kisingizio, kwenye papa wa Iceland ulimi una kisingizio. Kwa jongoo kinachobaki ni jina na sura, na anayeshindwa kummeza ameshindwa na fikra zake mwenyewe. Thamani ya pesa ambayo wakubwa wa Hong Kong wanaiweka juu yake nayo ni fikra tupu, ila hiyo ina risiti.

Lakini sifa yake kuu haihusu kuliwa. Jongoo hula mchanga. Huumeza, hunyonya uchafu na mabaki yaliyomo, kisha huutoa nyuma ukiwa safi, na kinyesi chake hurutubisha majani ya bahari na kuyasaidia matumbawe. Watafiti waliopima kazi hii kwenye mwamba wa Heron, Australia, walikadiria mwaka 2021 kwamba jongoo wa mwamba huo mmoja hupitisha zaidi ya tani 64,000 za mchanga kwa mwaka. Hawadai mshahara, hawagomi, hawangoji bajeti ya kaunti. Anayepita kando ya mifereji ya Lamu saa ya mchana ataelewa kwa nini naliona jambo hili kubwa.

Na nani alimlinda mfanyakazi huyu kwa karne zote hizo? Hifadhi ya bahari ya Kiunga ilitangazwa mwaka 1979. Mkataba wa kimataifa wa CITES uliwaweka jongoo wa aina iitwayo pauni kwenye orodha yake ya biashara yenye masharti mwaka 2019 tu, baada ya wengi kwisha, na jongoo mchanga naye ameshaorodheshwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Kabla ya sheria hizo mlinzi alikuwa mmoja: kinyaa cha mama wa Kizingitini, kisiwani Pate. Mtazame nguva kwa kulinganisha. Nyama yake ilisifiwa visiwani humu kwa utamu, ikapewa heshima zote za jikoni, na leo mvuvi anaweza kuzeeka bila kumwona. Nguva aliangamia kwa kupendwa. Jongoo alineemeka kwa kudharauliwa, mpaka alipotokea mtu wa mbali asiyeona kinyaa, na fedha mkononi.

Msomaji mkali atanibana hapa: kama kusifiwa ndiko kunakoua, kwa nini namsifu? Jawabu langu ni kwamba sifa hizi nimeziandika kwa Kiswahili, zisomwe na watu ambao kwa hakika hawatamla. Atanibana tena: basi afugwe, kila mtu apate, bahari ipumzike. Hilo limeshaanza. Kusini-magharibi mwa Madagaska vijiji vya wavuvi vinafuga jongoo mchanga katika mazizi ya wavu kwenye maji machache, na Zanzibar nako wafugaji wako. Mifugo yenyewe ni mitulivu mno; haifukuzwi, hailishwi, hailii usiku. Shida ni wezi. Bei ikishajulikana, mtu anaweza kuingia na ndoo maji yakitoka usiku na kuondoka na jasho la miezi. Wafugaji wa Madagaska wamelazimika kujenga vibanda juu ya maji na kukesha kwa zamu na tochi, wakimlinda mnyama asiye na macho ya kuuona mwanga wake.