Fuko, Bwana Shamba Asiye na Likizo

Bwana shamba alikanyaga kwangu mara ya mwisho masika ya mwaka juzi. Fuko yuko kazini kila siku na hajaniomba nauli. Sifa basi zimwendee anayestahili.

Sisi wakulima wa nyanda za juu za Kenya tunamjua: manyoya laini ya kahawia, vijicho kama punje za ulezi, na meno manne ya rangi ya chungwa yaliyochomoza nje ya midomo. Midomo hufumba nyuma ya meno hayo, hivyo huchimba kwa meno bila kumeza udongo. Na kwa kuwa hayakomi kukua, jembe lake haliishi makali wala halihitaji fundi.

Viazi vyangu vitamu amevikagua vyote. Huvivuta kwa chini. Wewe huku juu unaona shina likizama taratibu kama lililoitwa na wakubwa. Asichokimaliza hukiweka akiba. Akiba! Mimi mwenye shamba sina.

Nyumbani kwake chini ya ardhi pana malazi ya nyasi, pana ghala, na choo chake hakichanganyi na njia. Huishi peke yake. Hata mke ana handaki lake, na wakishapandana kila mmoja hurudi kwake. Sitaji majirani zangu hapa, ila wapo ambao mpango huo ungewafaa.

Kasoro anayo moja, nayo ni unadhifu. Mtegaji hufukua njia yake na kuuacha mwanya upitishe mwanga na upepo. Mtu mwingine angesema, “Nitaziba kesho.” Fuko hawezi. Hufika na udongo wake kuziba, kumbe mwanyani pana kitanzi cha waya, na juu pana fimbo iliyopindwa. Fimbo hufyatuka, na mtunza mlango hufia mlangoni. Mtegaji naye hulipwa kwa kichwa: hakuna fuko mkononi, hakuna hela.

Wiki jana nililipia mmoja, nikasema nimepumzika. Leo asubuhi nimekuta vifusi vitatu vipya kwenye tuta lilelile, udongo bado mbichi.

Msomaji mwenye marando ya kupanda, niwekee mafungu mawili: langu na lake.