Taabu za Kungoja Ubaoni

Katika sataranji, ambayo vijana wengi siku hizi huiita chesi, hatua ya kungoja ni ile inayosogeza kete bila kubadilisha jambo lolote la msingi, ili zamu imrudie mpinzani na yeye ndiye aharibu. Haja yake inatokana na kanuni isiyomruhusu mchezaji kupisha zamu, hata kama kete zake zimekaa pazuri na kila atakayoigusa itamponza. Hali hiyo ya kuponzwa na zamu mabingwa huiita zugzwang.

Huonekana wazi zaidi mwishoni mwa mchezo, askari mweupe na mweusi wanapozuiana uso kwa uso, huku kila mfalme akimlinda wa kwake na kumnyemelea wa mwenzake, kwa maana mfalme atakayeondoka kwanza humwacha askari wake aliwe na mchezo kwa kawaida humtoka pamoja naye. Hapo askari mwingine aliyesahauliwa pembeni, ambaye hajatoka nyumba yake ya mwanzo, hugeuka kuwa mali, kwa kuwa anaweza kwenda nyumba moja au mbili, na mwenyewe akachagua nani akwame. Bahati mbaya, mchezaji wa mtaani huwa amekwisha kumsukuma askari huyo zamani, kwa sababu tu hakuwa na wazo jingine na watazamaji walikuwa wameanza kuguna.

Mchezaji wa namna hiyo akiamua kungoja, mkono ndio humponza: huinua ngome, kama mtu anayehamisha kiti ili aonekane anafanya usafi, akagundua kwamba ngome hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlinda malkia, akataka kuirudisha kimyakimya. Lakini ipo kanuni ya kugusa, inayomlazimu mtu kuisogeza kete aliyoishika kwa nia ya kuicheza, na hata pale wachezaji wanapoisahau, watazamaji huikumbuka.

Wengine humtuma farasi, kwa kuwa huonekana ana miguu ya kuzurura. Kumbe farasi hubadilisha rangi ya nyumba kila anaporuka, kwa hiyo hawezi kurudi alipoanzia ila kwa idadi shufwa ya hatua, na kwa kazi ya kupoteza zamu moja hafai kitu. Mfalme, pamoja na uzito wake wote, huzunguka pembetatu akarudi mahali pake kwa hatua tatu, na mpinzani asiye na nafasi ya kumwiga hujikuta zamu imemwangukia.

Kungoja kwa kistadi kulionekana Copenhagen mwaka 1923, Aron Nimzowitsch alipocheza na Friedrich Sämisch. Katika hatua ya 25 Nimzowitsch, aliyecheza na kete nyeusi, alimsogeza askari wa pembeni nyumba moja tu, hatua isiyotishia chochote, na Sämisch, ambaye bado alikuwa na malkia na ngome zote mbili, akasalimu amri kwa kuona hana hatua ya maana isiyomgharimu. Sämisch mwenyewe hakuwa mgeni wa kungoja, ila alingoja kwa njia ya kukaa akifikiri hadi saa ikamwishia: katika mashindano ya Linköping, Sweden, mwaka 1969, alishindwa kwa muda katika michezo yake yote.