Intakula Imekula Kwangu

"Itakula nini?" Mama Watoto aliuliza, mwiko mkononi.

Nikamwambia si itakula, ni intakula. Kipoza hewa cha gari. Alinitazama kwa jicho analomtazamia muuza maziwa siku ambayo maziwa yamezidi wepesi, kisha akarudi kwenye ugali wake.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza wagoni ya 1998, yenye tabo, na rangi ya buluu ambayo jua la Nakuru limeilamba hadi boneti imebaki na baka kama la kipara. Watu wa huku hatuulizani kwa nini baba wa watoto wawili anafuga gari la namna hiyo. Tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha, vumbi la Soysambu na Sleeping Warrior likipanda, wengine wetu hupandwa na vitu vingine. Ukirudi nyumbani na vumbi hilo puani, unaanza kuona gari lako lina kasoro.

Kasoro ya langu ilikuwa joto. Ukijaza baiskeli upepo, hebu gusa mwisho wa pampu: unachoma. Tabo ni pampu hiyohiyo, ila yenye wazimu. Inabana hewa, hewa inapata moto, na hewa ya moto imetawanyika, haina oksijeni ya kutosha katika kila pumzi ya injini. Ndiyo maana pakawekwa intakula, yaani rejeta ya kupoza hewa. Kwenye Impreza, kiwanda kimeikalisha juu ya injini, chini ya ile pua ya boneti. Ukiwa mbioni inapigwa na upepo, raha mustarehe. Ukikwama nyuma ya trela kwenye mlima wa kuelekea Timboroa, zaidi ya meta 2,700 juu ya usawa wa bahari, inakaa pale kama sufuria jikoni. Gari linakohoa. Probox iliyojaa miraa inakupita, na dereva wake anakupungia mkono.

Kwa hiyo nikanunua intakula kubwa, ya kukaa mbele nyuma ya bampa, mahali penye upepo wa bure. Fundi wangu aliipeleka kwa jirani yake muuza vyuma chakavu, wakaitundika kwenye mizani ya kuning'iniza pamoja na mabomba yake yote: kilo 13. Ile ya zamani ilikuwa na kilo 4.

"Bosi," fundi akasema, "umeongeza kilo tisa. Na zote zimekaa puani. Tuhamishe betri ipelekwe nyuma, itasawazisha."

Lakini kuhamisha betri kunataka waya mnene kutoka nyuma hadi mbele, fyuzi kubwa karibu na betri, na sanduku lenye mpira wa kupumulia nje, maana betri ya asidi ikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi isiyofaa kukaa na watoto ndani ya gari. Yote hayo ni pesa. Mimi nikapiga hesabu ya darasa la tatu: zimeongezeka kilo 9, nitatoa kilo 9. Kutoa ni bure.

Nikatoa spea. Kutoa kitu kunaleta ulevi fulani, mtu asikudanganye. Baada ya spea nikatoa jeki, kwa sababu jeki bila spea ni ya nini? Nikatoa zulia la buti. Nikatoa kiti cha nyuma chote, kikaenda barazani, na hadi leo wageni wetu hukalia hapo na kusifu upole wake. Nilikuwa na mfano wa kujitetea nao: mwaka 1993, Toyota Celica zilipotwaa nafasi nne za kwanza za Safari, Patrick Njiru wetu alimaliza wa 12 na kushinda daraja lake akiwa na Subaru Vivio, kigari cha injini ya sisi 660 ambacho ungedhani kimeanguka kutoka kwenye pakiti ya majani chai. Wepesi unalipa! Nilimweleza Mama Watoto habari za Njiru kwa kirefu. Akauliza kama Njiru naye aliwaacha watoto wake nyumbani kwa kukosa kiti.

Nilichokiona barabarani sikukielewa mara moja. Mwendo ulikuwepo, hilo sikatai. Hadi Mau Summit hakuna Probox iliyonipungia. Lakini kwenye kona za kushuka Elburgon, gari lilikuwa linageuka kama ng'ombe anayepelekwa kwenye josho. Unakata usukani, lenyewe linakaza shingo na kutazama mbele.

Jumapili moja, nikitoka Naivasha, tairi la mbele kushoto likapata pancha pale Kikopey. Kama hujui Kikopey, ni mahali karibu na Gilgil ambapo moshi wa nyama choma unasimamisha magari vizuri kuliko askari. Kwa hiyo sikukosa wasaidizi. Nilikosa spea na jeki.

Wanaume wanne waliacha mbavu zao mezani wakaja kuninyanyulia gari ili tairi litolewe, lipelekwe kwa bodaboda Gilgil kuzibwa. Kwanza wakajaribu upande wa nyuma, kupima tu. Gari likapanda juu kama meza ya plastiki. "Gari jepesi hili!" mmoja akasema, na moyo wangu ukavimba, ilikuwa sifa ya kwanza tangu nianze. Kisha wakaja mbele. Moja, mbili, tatu. Halikutikisika. Wakavua makoti. Halikutikisika. Mmoja akapuliza vidole, akarudi kwenye mbavu.

Kando yetu kulikuwa na mzee mwenye mkokoteni wa mitungi ya maji, amepumzika akitazama. Akaja, akazunguka gari mara moja, akaniuliza: "Kijana, wewe umewahi kuvuta mkokoteni?"

Nikasema hapana.

"Inaonekana. Umepakia mbele."

Akanionyesha kwa mitungi yake. Ukiweka mizigo mbele ya ekseli, mpini unakulalia mikononi hadi ujute kuzaliwa. Ukiiweka nyuma, mpini unakunyanyua juu na miguu inabaki ikipiga upepo. Mtungi ni uleule, uzito ni uleule, cha maana ni unakaa wapi. Usiku ule nilipiga hesabu upya. Kilo 13 zikining'inia sentimita 80 mbele ya ekseli ya mbele, katika gari ambalo ekseli zake zimeachana sentimita 252, zinazilalia tairi za mbele kama kilo 17, na kuzinyanyulia za nyuma kilo 4. Halafu mimi, kwa mikono yangu, nikaenda kupunguza huko nyuma kulikokuwa kumepungua. Mzee aliimaliza hesabu hiyo kwa mtungi mmoja, nami nilikaa hadi saa sita na kalkuleta ya mtoto.

Jumatatu nilikwenda kwa mfanyabiashara wa nafaka mwenye mizani ya malori. Kijana wa mizani akaniuliza nimeleta nini. Nikasema gari. Akasema gari analiona, anauliza ndani kuna nini. Nikasema hakuna kitu. Akafikiri, akaandika "mahindi", kwa sababu mashine yake haikuwa na nafasi ya hakuna kitu. Tairi za mbele zilisoma 760, za nyuma 460. Nikamwomba anionyeshe zile kilo 9. Akanieleza kwa upole kwamba mizani ile inaruka kwa ishirini ishirini. Kilo 9 kwake ni vumbi la magunia.

Nikamwambia fundi aihamishe betri, bila kumtazama usoni. Nikiwa bado nangoja sanduku lake, nikaona nijaribu dawa ya haraka: gunia la viazi kwenye buti, nyuma ya ekseli ya nyuma. Sheria ya tangu 2019 inasema gunia la viazi lisizidi kilo 50, na hizo hasa ndizo nilizotaka. Muuzaji wa kando ya barabara ya Molo alinipakilia lumbesa, limeshonewa kilemba cha wavu juu, akaliita gunia moja bila kupepesa jicho. Kwenye mizani tairi za nyuma ziliruka hadi 600, za mbele zikashuka hadi 740. Kijana wa mizani, aliyekuwa ameandika mahindi, akaomba kubadilisha risiti.

Na kona za Elburgon? Gari lilizikata kama mshono wa cherehani. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu, viazi vikibingirika kidogo nyuma yangu kama abiria wenye adabu.

Mama Watoto alizipokea zile kilo 120 getini. Kufikia Ijumaa alikuwa ameziuza kwa majirani kwa kipimo cha debe, faida ameifunga kwenye leso, na kile kiti cha barazani kimekuwa cha wateja. Jioni akaja akasimama mbele ya gari, akainama, akaitazama ile intakula ndani ya bampa kwa mara ya kwanza tangu ifungwe.

"Baba Watoto," akasema, "hakuna kubwa zaidi ya hii? Ya magunia mawili?"