Plastiki ya Shingoni

Ofisi yetu ilibadilisha nembo. Usitarajie makubwa: twiga aliyekuwa akitazama kushoto sasa anatazama kulia. Lakini twiga akigeuka, wafanyakazi wote nao hugeuka, na vitambulisho vyetu vya shingoni, vingine havijapata hata mkwaruzo, vikatangazwa kuwa batili. Tuvitumbukize katika boksi la kijani pale mapokezi kwa ajili ya urejelezaji. Boksi lilikuwa zuri. Nani atarejeleza, na wapi, tangazo halikusema. Kazi ya kutafuta jibu nilitwishwa mimi, kwa kuwa niliwahi kuonekana nikiandika mgongoni mwa bahasha iliyotumika, nikahesabiwa kuwa mwanamazingira.

Nikaanza na kijana wa guta anayenunua plastiki mtaani. Yule anaijua plastiki kuliko wengi wenye shahada. Chupa za maji anachukua, madumu anachukua, viti vilivyovunjika miguu anachukua huku anacheka. Nikampa kadi moja. Akaikunja, ikajinyoosha. Akaikunja tena, ikajinyoosha. Akaigonga kwenye chuma cha guta, akatega sikio.

"Bosi, hii siyo."

"Siyo nini?"

"Siyo ya kununulika."

Alikuwa sahihi. Kadi nyingi za kazini ni PVC, ndugu wa bomba la maji taka, zimekatwa milimita 85.6 kwa 54, kipimo kilekile cha kadi ya benki. PVC ikijipenyeza kwenye mzigo wa chupa za maji ni balaa: joto la kuyeyushia chupa huiunguza yenyewe, inatoa gesi yenye asidi na kuharibu mzigo. Nikajaribu kumbembeleza kwamba ndani mna shaba. Macho yakamtoka. Na kweli imo, maana kadi zetu ni za kugusisha mlangoni, zina chipu na waya mwembamba uliozungushwa ndani. Akainua kadi kwenye jua, akautazama ule waya kwa muda mrefu, kwa huruma.

"Bosi, shaba hii hata mende haimfungi."

Akapanda guta akaondoka.

Mzee wa getini akaona tunajitesa bure. "Mwanangu, leta kiberiti." Nikamweleza kwamba PVC ikichomwa moto hutoa gesi inayowasha koo, pamoja na sumu ziitwazo dioksini. Akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akaanza kukusanya majani makavu. Aliyeuzima mpango huo ni mama lishe wa nyuma ya ukuta, ambaye wali wake ndio ungeupokea moshi. Alikuja na mwiko mkononi, na hakutaja dioksini hata mara moja.

Mashine ya kukatia karatasi nayo tuliijaribu. Ilitafuna nusu ya uso wa mkurugenzi mstaafu, ikaguna, ikakata roho.

Katriji tupu za printa, nazo nilizotwishwa pamoja na kadi, angalau zina wateja, kwani mafundi wa Kariakoo huzijaza upya. Tatizo ni chipu iliyo ubavuni mwa katriji: ikishaamua kwamba wino umekwisha, printa nyingi hazisikii la mtu, hata ukiijaza katriji pomoni. Na unga wenyewe wa tona ni plastiki iliyosagwa laini. Ukikumwagikia, unakung'uta kwanza, kisha maji baridi, kamwe si ya moto, maana joto ndilo linaloushikisha. Mwenzetu wa uhasibu alimwagikiwa Ijumaa akiwa na kanzu nyeupe, akakimbilia birika la chai. Mengine nayaacha.

Kilichotutoa jasho ni utepe. Mashine ya kuchapia kadi haitumii wino wa maji. Ina utepe mrefu wenye vipande vya njano, majenta, samawati, cheusi, na kimoja kisicho na rangi cha kufunika juu. Kila kadi hula seti nzima, hata kama umerudia kwa sababu ya herufi moja. Halafu, na hili wauzaji hawalisemi kwa sauti, pale rangi ilipotoka hubaki pengo. Kwenye kipande cheusi jina lako, cheo chako na namba yako vyote vinasomeka, ukikiinua tu kwenye mwanga.

Mhudumu wetu, dada mwenye jicho la urembo, aliukuta umetupwa. Kesho yake tulikuwa na sherehe ya kumuaga dereva mmoja anayestaafu, na ukumbi haukuwa na mapambo. Akaukunjua, akaupitisha dirishani huku na huku. Ulipendeza, nisiwe mnafiki. Saa nane jua likaingia kwa upande wa magharibi, na katikati ya pilau mtu mmoja akaanza kusoma dirisha. Wa pili akasoma. Juu ya pazia, kwa herufi kubwa, lilining'inia jina la kijana mmoja wa uhasibu na chini yake: KAIMU MENEJA WA FEDHA.

Meneja wa Fedha alikuwa amekaa chini yake, anamenya ndizi. Hakuwa amestaafu, hakuwa amehamishwa, na hakuwa ameambiwa lolote.

Watu wa Utumishi waliyashusha mapambo yale kwa kasi ambayo sijawahi kuiona wakishughulikia likizo ya mtu. Ndipo wakakumbuka kwamba tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kwamba jina la mtu halitupwi kiholela. Boksi la kijani likafungwa kwa gundi, likaingizwa stoo pamoja na utepe, katriji na ile nusu ya mkurugenzi.

Sasa imeundwa Kamati ya Urejelezaji, nami ni katibu. Kwa sababu za kiusalama haturuhusiwi kuingia stoo bila kitambulisho maalumu cha kamati. Tumeshapigwa picha. Yangu imetoka nimefumba macho, lakini kijana wa kuchapa ameniambia nisijali, atatoa nyingine.