Diski Imehama, Bawabu Hana Habari

"Mwanangu, na hii kompyuta nayo inangoja basari?"

Foleni yote ya saiba ikaangua kicheko. Mama aliyeuliza alikuwa na fomu ya basari ya mwanawe mkononi. Mimi niliyejisifu Garsen nzima kwamba Linux haiharibiki, nilikikodolea macho kioo cheusi kilichohesabu sekunde 90 za kungoja diski isiyokuja. Zikaisha. Mashine ikatangaza dharura, kana kwamba sikuwa nimeiona.

Usiku uliotangulia nilikuwa nimehama kutoka diski kuukuu iliyogonga kama fundi bati. Nikagawa diski mpya, nikanakili kila faili kwa programu ya rsync pamoja na ruhusa zake, nikaikumbuka hata GRUB, ile inayouamsha mfumo. Nikalala usingizi wa bwana harusi.

Sasa sikiliza utamu wake. Kila sehemu ya diski inapoumbwa hupewa UUID, tarakimu na herufi 32, vistari ukivihesabu 36, ili isifanane na sehemu nyingine popote duniani. Namba hizo huandikwa kwenye faili iitwayo fstab, daftari la bawabu. Mfumo ukiamka, bawabu hufungua daftari: mwenye namba hii ndiye home, mfungulie. Nami nilihamisha vyombo, vitanda, paka, na daftari lenyewe likiwa na namba za nyumba ya zamani! Kila kitu kipo ndani, bawabu kasimama mlangoni anamngoja aliyekwisha kuhama.

Mto Tana wenyewe ulihama. Zamani ulimwaga maji baharini kusini zaidi. Watu wakachimba mfereji wa Belezoni kuuunganisha na Ozi, mto ukaupenda mfereji, ukaenda zake Kipini. Hakuna aliyeudai barua ya chifu.

Mama huyu alidaiwa. Nikiwa nanakili namba kwa mkono, nikichanganya 8 na b, akanieleza: mafuriko ya 2024 yaliwaondoa kijijini, na ofisi imemrudishia fomu mara mbili, inataka muhuri wa kule kule alikotoka. Kule kumebaki miembe na matope. Nilianza kucheka, nikaacha. Namba yangu niliibadilisha kwa dakika nne. Fomu yake haina fstab ya kufungua, ina dirisha, na nyuma ya dirisha kuna mtu anayekunywa chai.



Alhamisi nikaamua kuifuta diski ya zamani. Nikafuta mpya.