Mshenga Mwenye King'ora

Shangazi wa binti ndiye aliyekiona. Nilikuwa nimesimama mbele ya wazee wa Kimara, bahasha ya posa mikononi, nimeshafika pale patamu pa kusema tumepita njia tukaona kwenu kuna ua, nikageuka kidogo ili na mzee wa pembeni apate heshima yake. Nyuma yangu ikatoka sauti ya kike, ya upole, ya mtu anayeuliza kwa nia njema kabisa: "Samahani baba mshenga, hilo koti umelipia?"

Kwenye mpasuo wa nyuma, mahali ambapo mvaa koti hana macho, kilikuwa kinaning'inia kile kidude cha plastiki cha kijivu ambacho maduka makubwa hukibana kwenye nguo ili mwizi asitoke nayo. Tangu tuketi nilikuwa nasikia ko, ko kila nikijisogeza. Nikadhani kiti chao kina msumari uliolegea, na kwa adabu za ugenini nikanyamaza.

Nikaombwa nigeuke. Nikageuka. Nikaombwa niiname kidogo, taa ikamulike vizuri. Baba mkubwa wa binti akavaa miwani. Watoto wakaambiwa wasiguse, kitalipuka. Mzee mmoja akasema ndani mna kamera, na wenye duka wanatuona hapa tulipo. Mwingine akasema mna wino, akasogeza kiti chake na kanzu yake. Shangazi, ambaye kumbe amewahi kuuza duka la nguo, akawatuliza: hakuna kamera, ila mtu akitoka na kidude hiki bila kulipa mlango unalia. Wote wakanitazama.

"Nimelipa, wazee wangu."

"Hatujasema hujalipa, mshenga," akajibu baba mkubwa. "Tunajiuliza tu. Mtu anayeweza kutoka dukani na kitu mlango usilie, si ndiye huyohuyo tunayetaka kumkabidhi binti?"

"Anayeoa si mimi."

"Lakini wewe ndiye mdomo wake."

Aliyewahi kuwa mshenga anajua kwamba vikao hivi vina katiba isiyoandikwa, na ibara zake zote zinahusu faini. Ukichelewa, faini. Ukiketi kabla ya kukaribishwa, faini. Ukikosea jina la ukoo, faini mbili. Siku ile nikawekewa ibara mpya: mshenga kuja na vazi lenye utata, shilingi 50,000, papo hapo, na zisitoke kwenye bahasha. Mwenzangu, niliyemleta ili anitetee, alikuwa wa kwanza kusema kiasi ni cha haki.

Mjadala wa koti ulikula muda mrefu kuliko wa posa. Barua ikapokelewa kwa maneno mawili, chai ikaja, maandazi yakaja, na kila aliyeingia kutoka jikoni alipitia nyuma ya kiti changu.

Ngoja niseme koti lilivyofika pale. Nililinunua jioni moja, likafungwa kwenye mfuko, na keshia kwa mkono wake akatia risiti katika mfuko wa ndani wa koti, "isipotee, baba." Usiku huohuo nikalipitisha kwa dobi wa mtaani lilivyo, ndani ya mfuko wake. Dobi akalipiga pasi ya mkaa. Nilipomuuliza baadaye kama hakukiona kidude, alisema alikiona, akakizungukia kwa uangalifu asikiunguze. "Nilijua ni urembo, kaka. Nguo za siku hizi zinakuja na mambo."

Ila mfuko wa ndani hakuuzungukia. Risiti za mashine ya EFD haziandikwi kwa wino. Karatasi yenyewe ina dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto, na mashine hupasha moto pale tu panapotakiwa herufi. Dobi alipasha moto kila mahali. Ushahidi wangu wote ulikuwa kipande cheusi tii, laini, kilichonyooka vizuri sana.

Kabla ya kurudi dukani nilipitia kwa fundi simu, ambaye ana kisanduku cha vitu vilivyokufa na ndani yake mna kidude kama changu kilichopasuliwa. Nimekaa pale muda ambao sina haja ya kuutetea, maana aliyebuni hiki kitu si mtu wa mchezo. Pini yenye kichwa bapa inachoma kitambaa na kuingia tundu la upande wa pili. Ndani ya tundu kuna vigololi vitatu vya chuma, kila kimoja kama punje ya mtama, vimekaa katika koni, na springi inavisukuma kwenda upande mwembamba wa hiyo koni. Pini ikiingia, vigololi vinarudi nyuma penye nafasi na kuipisha. Ukiivuta itoke, inavikokota kwenda pembamba, navyo vinaikaba. Ukivuta zaidi, vinakaba zaidi. Hasira zako zenyewe ndizo zinazoendesha mtambo. Kinachoweza kuviamuru viachie ni sumaku kali tu, ile iliyofichwa kaunta kwenye kitu cha mviringo kama kikombe kilichozama mezani: kidude kikikaa juu yake, sumaku inashinda nguvu za springi, na pini inatoka kwa vidole viwili. Fundi akajaribu sumaku ya spika ya redio. Vigololi havikushtuka.

Na hiyo ni kufuli tu, bado king'ora. Ndani ya plastiki, kando ya kufuli, kuna vipande viwili vyembamba vya chuma vimelaliana, na hakuna betri wala waya. Kimoja ni sumaku dhaifu. Cha pili kimekatwa kwa urefu maalumu ili kikikutana na mawimbi ya sumaku ya mpigo wa 58,000 kwa sekunde kitikisike kwa kasi hiyohiyo. Zile nguzo mbili za mlangoni zinatoa mawimbi hayo kwa vipindi vifupi mno: zinapiga, zinanyamaza, zinasikiliza. Zikinyamaza, kipande cha chuma hakinyamazi papo hapo. Kinaendelea kutikisika kidogo peke yake, na katika ule ukimya nguzo zinakinasa. Sikio la binadamu linaishia kwenye mitikisiko kama 20,000 kwa sekunde, kwa hiyo huwezi kusikia unavyosemwa.

Mambo haya yana asili yake, nayo ni mvinyo. Miaka ya 1960, katika mji wa Akron jimbo la Ohio, Marekani, mtu alitoka supamaketi na chupa mbili bila kulipa, akamponyoka meneja, Ronald Assaf. Meneja akalalamika kwa binamu yake, Jack Welsh, kwamba atakayepata dawa ya wezi hawa atatajirika. Binamu akaanza kuunda vidude, na kutoka hapo ikazaliwa kampuni kubwa. Mnywaji wa zile chupa hakukamatwa. Nimelipa mimi, Kimara.

Kwa nini basi nguzo hazikulia nilipotoka na koti? Kwa sababu jioni ile umeme ulikuwa umekatika. Jenereta ililisha taa, ililisha mashine ya risiti, na nguzo hazikuwa kwenye orodha ya wanaolishwa. Nilipita katikati ya miti miwili iliyolala.

Niliporudi na koti mkononi, zilikuwa macho. Zililia hadi mwenye duka la viatu jirani akatoka kuangalia.

"Mzee, simama hapohapo," akasema mlinzi.

"Mwanangu, mimi naingia."

"Naona. Lakini imelia."

"Ina maana nimeiba nje nikaleta ndani?"

Alilifikiria. Niliona kabisa kwamba analifikiria. Kisha akaomba begi. Akatoa miwani yangu, dawa zangu za presha, barua ya serikali ya mtaa na embe, akavipanga juu ya meza ndogo mbele ya watu waliokwisha kupunguza mwendo, na kijana mmoja akainua simu yake kama anayetafuta mtandao. Wakati begi langu liko wazi, bwana mmoja mwenye funguo za gari kidoleni akatoka na mifuko mitatu, nguzo zikalia vilevile, na mlinzi akanyoosha mkono: "Pita tu bosi, mashine hizi zinasumbua."

Hapo ndipo kicheko kiliponiisha. Mashine ile haina upendeleo. Chuma kinatikisika au hakitikisiki, basi. Anayeamua mlio upi ni wizi na upi ni usumbufu ni mtu aliyesimama kando yake, naye anaamua kwa kutazama viatu. Nilimwambia hivyo, kwa maneno makali kuliko haya. Hakubisha. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kitu kikipotea wanakatwa mshahara wote wa zamu, na kwamba bosi kama yule ukimsimamisha bure, kesho huna kazi. Kwa hiyo wenye duka wameweka nguzo zinazosikia chuma kikitikisika, kisha wakamtia hofu ya watu kijana anayezisimamia. Na kwenye jenereta, nguzo zenyewe ndizo za kwanza kuachwa gizani.

Meneja, dada mmoja mwenye kucha ndefu, aliitazama risiti mbele na nyuma. "Hii siyo risiti, baba."

"Ni risiti. Imepigwa pasi."

Ikabidi watafute mauzo kwenye mashine, kwa tarehe na bei, na foleni nyuma yangu ikashiriki kwa ushauri. Koti likaonekana. Keshia akaliweka kaunta, kidude juu ya sumaku, vidole viwili, tk. Akakitupa kwenye boksi lililojaa ndugu zake na kumwita mteja anayefuata.

Niliuliza kuhusu shilingi 50,000. Nikaeleza habari ya Kimara tangu mwanzo, pamoja na shangazi. Meneja alisikiliza hadi mwisho, akasema pole kwa usumbufu, kisha akaniuliza kama hao wazee walinipa risiti.

Nilitoka. Nguzo zilinyamaza. Mlinzi alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba kwa shingo upande.

Tundu la pini lilibaki kwenye mpasuo, pana kuliko unavyotarajia kutoka kwa pini. Fundi cherehani ameliziba kwa shilingi 2,000, na risiti hakunipa.